Picha iliyomkatalia mpwa wangu

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, maji yamekupwa, nasi tumesimama ukingoni mwa mikoko ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam. Mpwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alininyooshea simu yake huku ameikinga jua kwa kiganja.

"Mjomba, hebu mwone huyu."

Niliona tope, mizizi ya mikoko iliyochomoza kama vidole, na anga jeupe. Katikati palikuwa na doa.

"Ni yangeyange," alisema. Akaivuta picha kwa vidole viwili ili ndege akue. Kadiri alivyokua ndivyo alivyozidi kutoweka, mpaka vikabaki vijumba vya rangi visivyo na mdomo wala miguu.

Picha za namna hiyo alikuwa nazo zaidi ya mia mbili: yangeyange, korongo, membe, na wale sululu wenye mdomo uliopinda ambao huja pwani yetu kutoka kaskazini ya mbali baridi inapoanza huko. Zote alizipiga mwenyewe, asubuhi za mwisho wa wiki, kabla ya kwenda sokoni. Mshahara wa ualimu tunaujua, lakini alikuwa amedunduliza milioni moja na laki mbili, na aliniita pale ili nimjibu swali moja. Anunue kamera kubwa, zile wanazoziita DSLR, au aachane nayo?

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, na kwa kawaida nami huuliza langu: unataka kupiga nini? Wengi hujibu kwamba wanataka picha nzuri. Hapo huwa nawasihi wasinunue. Simu iliyo mfukoni mwao inatoa picha nzuri, na mara nyingine inatoa nzuri kuliko itakayotolewa na kamera ya milioni moja mikononi mwa mtu ambaye hajui anakoelekea nayo. Mpwa wangu ndiye mtu wa kwanza kwa muda mrefu kunijibu kwa kunionyesha doa.

Nisemayo nayasema kwa uchungu kidogo. Mwaka 2011 nilinunua DSLR yangu ya kwanza, pamoja na ile lenzi ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa na kamera. Wiki za mwanzo nilipiga kila kitu: vikombe, paka, machweo ya Coco Beach. Kisha uzito ukaanza kunishinda. Kamera na lenzi yake ni nusu kilo na zaidi, na mkoba wake unataka bega la kudumu. Nikawa naiacha nyumbani nikienda kwenye shughuli. Siku ya Idi, mama alipokaa barazani akiwa amezungukwa na wajukuu wote, jambo lililokuwa halijawahi kutokea na halikutokea tena, kamera yangu ilikuwa kabatini. Picha aliipiga mtoto wa jirani kwa simu ya bei rahisi. Ina ukungu, na ukingo wa mlango umekata nusu ya uso wa mjukuu mmoja. Ndiyo iliyotundikwa sebuleni kwetu leo, na ndiyo ya mwisho ya mama akiwa na wajukuu wote. Nilipokuja kuifungua kamera yangu baadaye, lenzi ilikuwa imeota kuvu.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia mtu yeyote habari za megapikseli, humwomba afungue simu yake na kurudi nyuma miezi mitatu au minne. Asizitazame picha zilizotoka vizuri. Azitafute zilizomkatalia, zile alizozikusudia hasa zikaharibika, na kila moja aiulize imeharibiwa na nini. Zipo zinazoharibiwa na umbali: ndege, mtumbwi, mchezaji aliye upande wa pili wa uwanja. Zipo zinazoharibiwa na giza, kama ngoma ya usiku inayopigwa chini ya taa moja, na zipo zinazoharibiwa na mwendo. Hizo kamera inaweza kuzisaidia. Lakini kama nyingi zimeharibika kwa sababu mpigaji aliona haya kumsogelea mtu, au alifika saa saba mchana jua likiwa utosini, hakuna kamera inayouzwa itakayomwondolea haya au kulisogeza jua.

Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia, alizaliwa Nairobi, akakulia Dar es Salaam, na hapa hapa Dar akaianzisha Camerapix mwaka 1963. Utotoni alianza na Box Brownie, kasha lenye lenzi moja isiyobadilika. Mitambo mizito ilikuja baadaye, alipoanza kufuata habari ambazo kasha lile lisingeweza kuzishika.

Ili mtu aamue vizuri inafaa ajue kilichomo ndani. Herufi SLR zinasimama badala ya mpangilio ambao haujabadilika sana tangu enzi za mikanda: nyuma ya lenzi kuna kioo kilicholazwa mshazari, kinaurusha mwanga juu hadi kwenye kidirisha cha kutazamia, nawe unaona kupitia lenzi ile ile itakayopiga picha. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, shata, yaani kijipazia kilicho nyuma yake, linafunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mwanga unatua mahali palipokuwa na mkanda zamani. Siku hizi hapo pana sensa. Ule mlio mnene wa "kachak" unaosikika harusini ni kioo kinachopanda na kushuka.

Sensa ya DSLR za ngazi ya kwanza ina upana wa milimita kama 22 na kimo cha kama 15. Ya simu nyingi ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Eneo la ile ya kamera huzidi la simu mara kumi na zaidi, na eneo kubwa hukusanya mwanga mwingi, kama bati pana linavyokinga maji mengi ya mvua kuliko kopo. Hiyo ndiyo tofauti ya msingi. Hesabu ya megapikseli, ambayo wauzaji huanza nayo, ningeiweka mwisho. Simu yenye megapikseli 50 na DSLR ya zamani yenye 18 zikiwekwa usiku kwenye ukumbi wa Mbagala, ningeichukua ya 18.

Lakini simu nayo ina akili ambayo kamera hizi hazina. Unapobonyeza mara moja, simu ya kisasa hupiga fremu kadhaa mfululizo, huzipanga na kuzichanganya, huangaza kivuli na kutuliza anga, yote kabla hujashusha mkono. DSLR hukupa fremu moja tu kama ilivyo, kazi iliyobaki ni yako. Ndiyo maana anayetoka kwenye simu hupata mshtuko siku ya kwanza: kamera ya bei kubwa, picha zimefifia, uso uko gizani. Anadhani ameuziwa mbovu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi kuliko wengine. Kipima mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui kinachotazama. Kimetengenezwa kuamini kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa chote, kitakuwa na rangi ya kijivu cha wastani. Mweke babu mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Kanzu inakuwa kijivu, na uso wa babu, ambao ulikuwa mweusi tangu mwanzo, unageuka kivuli chenye macho. Bibi harusi katika shela jeupe hupatwa na balaa hilo hilo. Picha ngapi za ndoa zipo majumbani mwetu ambamo gauni linaonekana kila uzi lakini bibi harusi hatambuliki?

Na historia ya picha za rangi ilituongezea mzigo. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia picha Marekani zilipimia rangi zao kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley. Rangi za uso wake zikitoka sawa, mtambo ulihesabiwa kuwa uko sawa. Walioichunguza historia hiyo wameeleza kwamba Kodak ilipokuja kuboresha namna mikanda yake inavyoonyesha rangi za hudhurungi, kati ya waliokuwa wamelalamika ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Ngozi zetu zilifaidika njiani. Nikiyafikiria hayo huziangalia picha za zamani za ukoo wetu kwa jicho jingine. Nilikuwa nikimlaumu mpiga picha.

DSLR inakupa namna ya kubishana na kipima mwanga. Kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ukisogeza hadi jumlisha moja, unaiambia kamera: najua kuna weupe mwingi, ongeza mwanga hata hivyo. Uso unarudi. Simu nazo zinaruhusu kitu kama hicho ukigusa kioo na kutelezesha kidole, ingawa wengi hawajawahi kujaribu, na mimi hupenda mtu akijaribu kwenye simu kwanza, bure, aone kama kazi hiyo ya kufikiria mwanga inampa raha au inamchosha. Anayepata raha nayo atafika mbali na kamera. Anayechoshwa nayo ataiacha kabatini kama mimi, na si kosa lake.

Mpwa wangu alijaribu. Wiki mbili nzima alipiga picha za wanafunzi wake wakiwa na mashati meupe, akisogeza kidole juu na chini, akaniletea picha za kabla na baada. Nilizidi kumwamini.

Sasa habari ya soko, ambayo siku hizi ina upande mzuri kwa mnyonge. Tangu Panasonic ilipotoa Lumix G1 mwaka 2008, zimekuwepo kamera za kubadilisha lenzi zisizo na kioo ndani. Unachokiona kidirishani ni skrini ndogo. Mwanzoni watu wa kazi walizibeza. Sony ikatoa A7 mwaka 2013, Canon na Nikon zikafuata kwa nguvu mwaka 2018, na DSLR kubwa za mwisho za kampuni hizo mbili, EOS-1D X Mark III na D6, zilitoka mwaka 2020. Wapiga picha wa harusi wa mjini wamehama au wanahama. Kwa hiyo DSLR zao, mashine nzima zenye uwezo uleule uliolisha familia, zinauzwa kwa bei ambayo miaka kumi iliyopita ungeicheka.

Wapo wanaosema usinunue teknolojia inayozeeka. Kwa mtu wa kazi nakubali. Kwa mtu wa ridhaa naona kinyume chake. Canon ilianza kutumia mdomo wa kufungia lenzi wa EF mwaka 1987, Nikon wa F mwaka 1959, na dunia imejaa lenzi za midomo hiyo, nyingi zikiwa bado safi. Yangeyange hajali kama kioo kipo au hakipo. Na betri ya DSLR hudumu, kwani kidirisha chake hakili umeme: kwa chaji moja unapiga mamia ya picha, jambo la maana unapokuwa topeni mbali na soketi.

Tulikwenda Kariakoo Jumatano baada ya masomo. Kijana mmoja alitutolea kamera iliyofungwa kwa nailoni, imeandikwa Kiss X7i.

"Dada, hii siyo 700D ya kawaida. Hii Kiss, ya Japani kwenyewe. Bei yake iko juu kidogo."

Hakuwa anadanganya, ndivyo alivyoambiwa na aliyemuuzia. Lakini Kiss X7i ya Japani, Rebel T5i ya Marekani na 700D ya kwingineko ni kamera moja, iliyotoka mwaka 2013, imebatizwa majina matatu kwa masoko matatu. Nilimweleza taratibu, tukacheka, bei ikashuka mpaka laki saba na nusu. Ukinunua iliyotoka Japani, iwashe hapo hapo na utafute lugha kwenye menyu, maana zipo zinazojua Kijapani peke yake.

Ya kutazama kwenye kamera iliyotumika si mengi, ila yanataka subira ambayo muuzaji hatakuwa nayo. Lenzi imulike kwa tochi ya simu kutoka upande wa nyuma na uchungulie kwa mbele. Kuvu huonekana kama utando wa buibui au kama mizizi midogo. Ukiiona, rudisha, hata ukipunguziwa nusu ya bei. Piga picha ya anga au karatasi nyeupe ukiwa umefunga tundu la lenzi hadi f/16, kisha ikuze: vidoa vyeusi vinavyobaki mahali pamoja kila picha ni vumbi kwenye sensa, na vumbi linasafishika. Mikwaruzo haisafishiki. Uliza kamera imepiga picha ngapi. Shata za kamera za daraja hili hukadiriwa kuhimili kama mara 100,000. Nambari hiyo inaonekana kubwa, lakini mpiga picha anayemaliza picha 2,000 kwenye harusi moja ameifikia baada ya harusi 50. Kuna zinazopita hapo na kuendelea kwa miaka, na kuna zinazokufa kabla.

Mtego mmoja zaidi, kwa wanaopenda Nikon. Mifululizo yake ya bei nafuu, D3000 na ndugu zake na D5000 na ndugu zake, haina mota ya kusogezea lenzi ndani ya mwili wa kamera. Ukiifungia lenzi ya zamani isiyo na mota yake, kama 50 mm f/1.8D inayopatikana kwa bei nzuri, itakubidi uizungushe kwa mkono kila picha. Kwa sura ya mtu aliyetulia inawezekana. Kwa ndege utalia.

Ushauri wangu kuhusu lenzi unawashangaza wauzaji. Mwili wa kamera nunua wa zamani, fedha iliyobaki ipeleke kwenye lenzi moja inayojibu picha iliyokukatalia. Aliyekataliwa na giza na sura za watu achukue 50 mm f/1.8 na kusahau mengine kwa mwaka mzima. Kwa tundu la f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya ule unaopita f/5.6, ambapo lenzi ya kawaida ya 18 hadi 55 hukomea ukiivuta mwisho. Aliyekataliwa na umbali, kama mwalimu wetu, atafute ya 55 hadi 250. Kwenye sensa ndogo ya Canon milimita 250 hutazama kama milimita 400 zingetazama kwenye kamera ya mkanda wa zamani. Hapo yangeyange anakuwa na jicho.

Kuna gharama ambazo hazimo dukani. Mtu akikuona na kamera kubwa hakuoni tena wewe. Simu ukiinyanyua Feri sokoni, hakuna anayegeuka. Nyanyua DSLR uone: mmoja atauliza unatoka gazeti gani, mwingine atafunika uso, wa tatu atasema picha yake unakwenda kuiuza Ulaya, na wote wana haki. Watu wetu wamepigwa picha sana bila kuulizwa na bila kuziona tena. Ninayemfundisha humtaka awe na salamu kabla ya kamera, aombe, na akiahidi kuleta picha, ailete, imechapishwa, kwa mkono wake. Vipo pia vitu visivyopigwa, kama vile kambi na mitambo ya jeshi, na mlinzi atakayekusimamisha hatasikiliza kwamba wewe ni wa ridhaa tu.

Tena kuna ukoo. Habari kwamba una kamera itasafiri kuliko wewe. Utaombwa harusi ya binamu, kisha ubatizo, maulidi, mahafali, na hutakula pilau ukiwa umekaa. Wengine hilo ndilo lililowapa kazi na sasa wana studio. Wengine liliwaua hamu kabisa. Mpwa wangu nilimwambia aamue mapema atasema nini shangazi zake watakapopiga simu. Alisema atawaambia yeye hupiga ndege. Sijui kama watamwelewa.

Na joto la pwani. Kuvu iliyokula lenzi yangu ililetwa na unyevu na giza la kabati, ndani ya mkoba wa ngozi niliodhani unaitunza. Anayeishi Dar, Tanga, Mombasa au Unguja asiifungie kamera mkobani. Aiweke kwenye chombo cha plastiki kinachobana mfuniko, pamoja na vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu, na aitoe kila wiki aitumie. Lenzi inayotumika huota kuvu mara chache. Akitoka ufukweni aifute chumvi siku hiyo hiyo kwa kitambaa chenye unyevunyevu kidogo, kisha kikavu.

Pia nimwombe anayenunua atenge fedha ya kuchapisha. Ukiingia Capital Art Studio, Mji Mkongwe, Unguja, duka lililofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, utakuta picha za watu na mitaa ya kisiwa zilizodumu kuliko wengi waliomo ndani yake. Zimedumu kwa sababu ziliwekwa kwenye karatasi. Sisi tunazika maelfu kwenye simu inayoibiwa daladalani.

Kabla ya kutoa hata shilingi, nilitaka mpwa wangu aazime. Rafiki yangu mmoja, mpiga picha wa harusi aliyekwisha hamia kwenye kamera isiyo na kioo, alikuwa na mashine yake ya zamani imelala, na lenzi ya 55 hadi 250. "Mzee, achukue tu, ila isiingie maji," aliniambia. Mpwa wangu alikaa nayo wiki tatu.

Jumamosi ya kwanza alirudi na picha 640 na machozi karibu. Ndege wote walikuwa wakubwa na wote walikuwa na ukungu. Shata lilikuwa taratibu mno, likifunguka kwa sehemu ya 60 ya sekunde, na lenzi ndefu hukuza mtetemo wa mkono kama inavyokuza ndege. Tukapandisha hadi sehemu ya 1,000. Jumamosi ya pili ndege walitulia, lakini walikuwa wachache, na weupe wa yangeyange uliungua wote. Alikuwa amekwenda siku ya bamvua. Pwani hii, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hukupwa kabisa mnamo saa nne au tano asubuhi, wakati jua limeshakuwa kali na ndege wametawanyika mbali kwenye tope pana. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ukihesabu nyuma siku nne au tano kabla ya bamvua, unapata asubuhi ambazo maji yanatoka wakati jua linachomoza, na ndege wanakula karibu na ukingo, wakiwa wamemulikwa kwa ubavu. Hayo hayakuandikwa kwenye kijitabu cha kamera. Alielekezwa na mzee mmoja anayetega samaki, aliyemwona akihangaika, naye mpwa wangu akayaandika kwenye daftari la maandalio ya masomo.

Jumamosi ya tatu aliondoka nyumbani usiku bado. Alirudi na picha 212, akafuta mpaka zikabaki tisa. Moja ni ya mdiria wa mikoko, mgongo wa buluu, mdomo mwekundu, na kaa mdogo ameshikwa kwa ncha ya mdomo huo, miguu ya kaa inahesabika. Niliitazama kwa muda mrefu. Tuliichapisha kwa ukubwa wa karatasi ya A4, akaibandika darasani juu ya ubao, na watoto ambao wamezaliwa kilomita mbili kutoka kwenye mikoko ile walimuuliza ndege huyo anaishi nchi gani.

Alirudisha kamera ya watu Jumatatu. Jumanne alikwenda Kariakoo peke yake na tochi, akaikataa lenzi ya kwanza, akaikataa ya pili, akachukua ya tatu pamoja na ile Kiss. Kilichobaki kilitosha kadi ya kuhifadhia picha na chombo cha plastiki chenye mfuniko.

Usiku alinipigia. Nilidhani ataniuliza mambo ya menyu au chaja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama."

"Eti mjomba, Jumamosi hii maji yanakupwa saa ngapi?"